Usiseme "Namwona"

Chumba cha cherehani,
Nyumba ile ile, nyuma ya karakana,
Jumapili, 25 Mei.

Mpendwa mdogo wangu, Kunguru wetu,

Pokea salamu zangu za mikono miwili, pamoja na za Mama, ambaye amepita hapa mlangoni mara mbili akiuliza kama nimekumbuka kukuandikia kuhusu soksi. Basi nimekumbuka: vaa soksi. Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo? Na huyo malkia mdogo ambaye sijajaliwa kumbeba, ameota meno mangapi, na bado anawaamsha alfajiri kama mwenye zamu kiwandani? Ule mguu wako ulioteguka kwenye ngazi umepona? Tafadhali usinijibu "nzuri tu" kama ilivyo kawaida yako. Nijibu kama mtu na dada yake.

Huku tupo, tunasukuma siku. Presha ya Mama imetulia tangu alipokubali kupunguza chumvi, ingawa anaitazama ile chupa ya chumvi kama mjane anavyotazama picha ya harusi. Mimi mgongo unanisumbua, kazi ya kuinama haina shukrani, na sare za shule zimenifunika mpaka kichwani. Paka wako yu hai, amenenepa, na haya hana hata chembe.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Simu ya nyumba hii unaijua. Ikilia, Baba anataka iwekwe sauti kubwa kila mtu asikie, na nikitoka nayo uani Mama ananifuata na kikombe cha chai ambacho sikuomba. Sasa hili ninalotaka kukwambia Baba amekataza lisikufikie. Ndiyo maana nimejifungia humu, na kila nikimaliza sentensi nakanyaga pedali kidogo ili Baba adhani nashona.

Nalisema moja kwa moja, maana nikianza kulizunguka sitalifikia. Baba haoni. Lile jicho lake moja alilobaki nalo limezimika tangu mwezi wa nne. Anatofautisha mwanga na giza, na mtu akipita mbele ya dirisha anajua kwamba kuna kitu kimepita. Daktari wa macho amejaribu, amepasua, na amesema hapo ndipo mwisho.

Najua unavyofikiri sasa hivi. Unasema dada amechanganyikiwa, kwani wiki mbili zilizopita si mliongea, na si yeye mwenyewe aliyekwambia ameiona picha ya mtoto, na kwamba paji la uso ni la marehemu Bibi mtupu? Ulicheka kwa furaha mpaka simu ikakwaruza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nitafika hapo, nivumilie.

Nieleze kwanza ya Mgongoni, si kwa ajili yako bali kwa ajili ya wifi, maana najua utamsomea barua hii na yeye hajawahi kupanda kule. Wifi, juu ya mji wetu kuna mlima mrefu usio na kilele, umelala tu kama mgongo wa ng'ombe, na sisi tunaita Mgongoni. Kila mwaka miti inapochipua, ndege wa kuwinda hupita hapo juu wakirudi kwao kaskazini: tai, mwewe, kozi, vipanga. Watu kadhaa tunajitolea kukaa pale mchana kutwa tukiwahesabu. Hatulipwi. Tunapata chai, upepo wa bure na ngozi iliyobabuka.

Baba mkwe wako ndiye aliyeanzisha. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na cheche ilimharibia jicho la kushoto sisi tukiwa wadogo. Lililobaki likawa kama limerithi nguvu za mwenzake. Alikuwa anamwona ndege wakati sisi wenye mawili tunaona anga tupu. Watu wakamwita Jicho, na yeye akapenda. Na kwa kuwa kwenye darubini ya miguu mitatu kila mtu lazima afumbe jicho moja, mgeni akija alikuwa anamtania: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, na kwetu lifumbe tu, tutakurudishia ukishuka.

Kule juu kuna sheria moja, na ni yake. Anayeona anaita: ni ndege gani, yuko upande gani wa mnara wa simu, anaelekea wapi. Mwenzake anamtafuta kwa jicho lake mwenyewe, na akimpata ndipo anaitikia "Namwona." Hapo tu ndipo chaki inagusa ubao. Asipoitikiwa, ndege huyo hata awe mkubwa kama mlango haandikwi.

Na jina la mumeo, wifi, lilitoka huko. Alikuwa mdogo bado, akaruka akaita "Tai!" kwa sauti ya kufufua wafu, tukageuka wote na darubini zetu, kumbe kunguru amebeba kipande cha mkate. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Baba hakucheka. Alisema ni afadhali huyu aliyeita alichokiona vibaya kuliko mtu anayeitikia asichokiona kabisa. Mdogo wangu, maneno hayo nimeyakumbuka mwaka huu mpaka yamenichosha.

Msimu ulianza vizuri kupita kiasi. Baba alikuwa anaita tangu tukifika mpaka tukishuka. Tai kulia kwa mnara, kipanga juu ya msitu, mwingine nyuma yake, mwingine. Nilikuwa nakaa kando yake kama mwitikiaji, Mwalimu mstaafu akiwa kwenye ubao, na Mama Mkate, yule mwenye duka la mikate, akishika darubini kubwa. Tulikuwa tunakodoa macho mpaka machozi yanatoka. Mara tunamwona, mara hatumwoni.

Na tulipokuwa hatumwoni, tuliitikia.

Sijui nikuelezeje uelewe. Hakuna aliyekaa akapanga. Mtu umemfuata miaka thelathini, hajawahi kukosea, na kila mara uliposema humwoni, baada ya muda ndege alitokea pale pale alipokuonyesha, ukaona haya. Basi unajifunza kwamba tatizo ni macho yako. Anaita, unatazama, huoni, unaona uvivu kumsumbua mzee, unasema "Namwona." Unajiambia yupo, atatokea. Mwalimu naye anaandika. Jioni tunashuka tunamsifu: Jicho ni jicho, uzee haujampata.

Hata wewe alikwambia kwenye simu kwamba mwaka huu ndege ni wengi ajabu, ukasema Baba anatushinda wote. Sikulaumu. Ulikuwa mbali. Mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega.

Na nyumbani dalili zilikuwepo, tele. Unajua kwamba tangu nianze ushonaji yeye ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano, mara moja tu, tii, kwa jicho lake moja, halafu ananitazama kwa majivuno. Mwezi wa tatu akaanza kukosa tundu. Akasema nyuzi za siku hizi zina manyoya. Nikacheka, nikaenda kununua nyuzi nyingine. Nyuzi, mdogo wangu! Nilibadilisha nyuzi.

Mama naye alimwona akimimina chai pembeni ya kikombe, akamwambia, "Mume wangu, siku hizi meza nayo inakunywa chai?" Wakacheka wote wawili. Mama sasa akiifuta meza hiyo anarudia pale pale palipokwisha kukauka, na mimi natafuta sababu ya kutoka jikoni.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu. Tulikuwa tumepanda mapema, wingu likashuka likatulalia juu, jeupe, zito, mnara haupo, msitu haupo. Tulijifunika mablanketi tukingoja lipande. Mama Mkate alikuwa ameinamia chupa ya chai, ameipa anga mgongo. Baba alikuwa kwenye kiti chake, uso juu.

"Tai!" akaita. "Mkubwa, kulia kwa mnara, anapanda."

Mama Mkate hakuinua hata kichwa. "Namwona, mzee wangu," akasema, huku anamimina.

"Na mwingine nyuma yake. Mdogo kidogo."

Nilikuwa nimeshafumbua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Ndipo nikatazama mbele, nikaona weupe mtupu, nikamtazama Mwalimu, naye amesimama na chaki yake hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kuandika.

"Mbona sisikii chaki?" Baba akauliza.

Nilitamani upepo uvume, mvua inyeshe, chochote kile. Mwishowe ilibidi iwe mimi.

"Baba, kuna ukungu. Mnara hauonekani."

"Umeingia sasa hivi?"

"Tangu asubuhi, Baba."

Akavua kofia. Akajifuta jicho kwa kiganja, akatazama juu tena, akageuza kichwa kushoto taratibu, akarudi kulia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemea, "Wanageuka ninapogeuka." Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka sindano inanichoma kidole: "Sasa nani amesema anamwona?"

Mama Mkate alianza kulia akiwa amekishika kikombe. Baba hakumgombeza. Alinyoosha mkono akatafuta bega langu, na ndivyo tulivyoshuka, Mwalimu nyuma yetu amebeba kile kiti.

Daktari wa macho ni mwanamke kijana, mpole, haringi. Alimuuliza Baba maswali, na Baba akajibu kila kitu waziwazi kama mtoto. Kumbe kwa wiki kadhaa alikuwa anaona cheche pembeni ya jicho. Mtu aliyechomelea chuma maisha yake yote, cheche kwake si habari. Kumbe kulikuwa na kivuli upande wa juu, akadhani ni ukingo wa kofia. Unakumbuka aliagiza kofia nyingine, na sisi tukamtania kwamba anataka kuoa? Alikuwa anakikimbia kile kivuli.

Na wale ndege, daktari alisema, ni vinyweleo na nukta za damu zinazoelea ndani ya jicho. Utando wa nyuma ulichanika kidogo. Mchaniko huo ukiwahiwa unazibwa, mtu anarudi nyumbani anaona. Usipowahiwa unaendelea, mpaka utando wote unabanduka. Nilimuuliza kama wiki moja ingesaidia. Akasema hawezi kujua. Nikamuuliza wiki mbili. Akanishika mkono. Mimi ni fundi wa nguo, mdogo wangu, ninajua kuhusu mchaniko unaowahiwa.

Nakwambia hili likuumize kama lilivyoniumiza, kisha tuumie pamoja: kila ndege ambaye hatukumwona, tungesema hatumwoni, Baba angejua. Angeudhika, angetuita vipofu, angebisha siku mbili tatu, halafu angejua. Tulimnyima hilo kwa heshima. Siku zote nilidhani heshima haiwezi kumdhuru mtu.

Upasuaji ulifanyika, haukushika. Alipotolewa bandeji akauliza kama ni mchana. Ilikuwa mchana wa jua kali.

Utadhani alilia kwa ajili ya jicho. Hakulia. Kilichomkosesha usingizi ni ubao. Siku ya tatu tangu arudi nyumbani alimwita Mwalimu, akamwambia afute ndege wote alioita yeye msimu huu. Wote. Mwalimu akabisha, akasema wengi walikuwa wa kweli, makundi mengine tuliyaona sote kwa macho yetu. Baba akamwambia, "Wa kweli ni wapi na wa jicho bovu ni wapi? Nionyeshe, nitakushukuru."

Hapo nikaingilia. Nikasema, "Baba, mimi kuna siku niliitikia na nilikuwa nawaona kweli."

"Siku gani?" akauliza. Aliuliza kwa matumaini, mdogo wangu. Aliinua kabisa uso.

Nikatafuta kichwani. Yule tai wa kwanza wa asubuhi ya baridi, nilimwona au niliitikia tu? Wale mwewe waliozunguka juu ya msitu? Nilikuwa nimesema "Namwona" mara nyingi mno, yote yamekuwa rangi moja. Sikuweza kumpa hata siku moja. Nikasema, "Sikumbuki, Baba." Akaitikia kwa kichwa.

Basi Mwalimu alifuta. Ndege wa mwisho ambao Baba aliwaona maishani mwake, wale wa kweli, wamefutwa pamoja na wale wasiokuwepo, na hakuna mtu duniani anayeweza kuwarudisha. Nikikaa peke yangu hilo ndilo linaloniliza kuliko yote. Jicho lingeweza kuzimika hata hivyo, hizo ni kazi za Mungu. Lakini wale ndege walikuwa haki yake, na shahidi wake nilikuwa mimi.

Alirudi Mgongoni mara moja kabla msimu haujaisha. Alitaka mwenyewe. Alikaa kwenye kiti chake, akawasikiliza wengine wakiita, na alitutangazia mbele ya wote kwamba atakayesema "Namwona" bila kuona atashushwa mlimani na kupewa kiti cha Baba, cha kipofu. Tukacheka kidogo, naye akacheka. Siku hiyo ubao ulikuwa na wachache sana. Mama Mkate aliitiwa ndege mara kwa mara, akawa anajibu "Simwoni", na kila akisema hivyo Baba anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, na lilikuwa limechelewa.

Sasa nifike kwenye picha.

Kifurushi chako kilifika baada ya hospitali. Sweta ya Mama imemtosha, asante, ameivaa hata kanisani ingawa jua linawaka. Chini yake ilikuwa ile picha ya mtoto kwenye fremu. Mama alimpa Baba mkononi, akamwambia, "Mjukuu wako huyo," halafu akakimbilia jikoni asisikike. Tukabaki yeye na mimi. Aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka karibu na uso, akaisogeza mbali, akaielekeza dirishani kwenye mwanga. Alikuwa ameishika kichwa chini. Vile viatu vyake vidogo vya bluu vilikuwa juu, na uso wake mzuri ulikuwa chini karibu na vidole vya Baba.

"Namwona," akasema.

Mtu aliyetunga sheria ile. Mtu aliyefuta msimu mzima kwa ajili yake. Kisha akasema, "Paji hilo ni la mama yangu," na mimi nikasema, "Kabisa, Baba." Sikuigeuza picha. Nilikosa mkono wa kuigeuza. Jioni yake ulipiga simu, naye akakwambia yale yale uliyoyasikia, na ukafurahi, na mimi nikakuacha ufurahi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu safari hii yamekuja na mjukuu mwenyewe, ndani ya fremu.

Maana kuna jingine, na hili si la Mama Mkate wala la Mwalimu. Mwezi wa pili uliniuliza kama uje sasa au mwakani. Nauli mlikuwa nayo, likizo ilikuwepo. Nikakushauri mwakani. Nikasema mtoto awe amejua kutembea, apande Mgongoni kwa miguu yake, Baba amwone akija. Nilikuwa nimeshaiona picha hiyo kichwani mwangu, tena nikaipenda, nikaona kuharakisha kutaiharibu. Haraka haraka haina baraka, nikakwambia. Mwezi wa pili alikuwa bado ananitungia uzi. Angekuona. Angemwona. Sina la kukupa badala yake.

Ndiyo sababu nimeandika hata kama amekataza. Anasema ukijua utaacha kazi uje kumtazama mtu asiyeweza kukutazama, hasara mara mbili. Labda ana haki. Lakini nimechoka kuitikia, mdogo wangu. Kama ningekaa kimya mpaka mwakani, kila simu ingekuwa "Namwona" nyingine, yeye kwako, na mimi kwako, na wewe ukiandika tu upande wako.

Basi njooni. Si lazima kesho, usifukuzwe kazi kwa ajili yangu, lakini usingoje mtoto ajue kutembea. Mlete wa kubebwa. Baba siku hizi anajua watu kwa kuwashika: Mwalimu kwa chaki ya vidoleni, Mama Mkate kwa unga, mimi kwa pamba zilizonaswa kwenye mikono ya nguo. Mtoto wako hamjui kwa lolote.

Mama anakusalimu, anasema na wifi naye avae soksi. Shangazi anakusalimu sana, ameng'oa jino la mwisho na anadai sasa anatafuna vizuri zaidi. Mwalimu anakusalimu. Mama Mkate anakusalimu na anaomba umwombee, bado hajajisamehe, na kila Jumamosi analeta mkate ambao hatujauagiza na hataki tuuzungumzie. Na wewe nisalimie wifi yangu, mwambie simfahamu ila nampenda kwa jinsi ulivyonenepa kwenye picha. Huyo mdogo mbusu kwenye paji. Nimelitazama vizuri, na nakuapia, kweli ni la Bibi. Baba hakuliona, lakini alipatia.

Siku mtakayofika, usiingie kimya kimya kumshtukiza, na usimuulize kama anakuona. Simama mlangoni uite kama tulivyofundishwa: ni nani, upande gani, wanaelekea wapi. Sema, "Mmoja mkubwa, mmoja mdogo, kulia kwa mlango, wanakuja." Halafu mweke mtoto mikononi mwake, unyamaze, umngoje. Atakachoitikia, chochote kile, hicho mimi nitakiandika, na hakuna atakayekifuta.

Mungu awatangulie njiani na awafikishe mkiwa wazima, na atuweke sote hapa mpaka tuwasikie mlangoni.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokuliza,

Fundi wa Cherehani.